Je, Wajua? Mionzi na Saratani za Jicho

Je, wajua kuwa jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, na kuwa ndani ya nafasi hiyo mtaalamu wa mionzi ana vitu vitatu vya kulinda kwa wakati mmoja? Mbele kuna lenzi, ambayo dozi ndogo tu huitia ukungu. Nyuma kuna makula, ile sehemu ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Milimita nne hivi kutoka hapo kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Saratani haichagui pa kuota. Ikiota jirani na mshipa huo, kosa la milimita mbili linatosha kumpotezea mgonjwa nuru ya jicho lile lile ambalo tiba ilikusudia kuliokoa.

Je, wajua kuwa saratani za jicho ni nyingi, na kila moja ina tabia yake mbele ya mionzi? Watoto wadogo hupata retinoblastoma, inayoota kwenye retina. Watu wazima, hasa wenye asili ya Ulaya, hupata melanoma ya uvea, yaani lile tabaka la ndani lenye rangi na mishipa mingi ya damu. Huku kwetu Afrika Mashariki tunaiona sana ile inayoanzia juu ya jicho, kwenye utando unaofunika weupe wake. Ipo limfoma, ambayo hunywea kwa dozi ndogo mno. Na zipo zile zilizoanzia kwenye titi au pafu zikasafiri na damu hadi nyuma ya jicho.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Je, wajua ilichukua muda gani kabla ya miale hiyo kuelekezwa kwenye jicho lenye saratani? Miaka minane tu. Mwaka 1903 daktari H. L. Hilgartner wa Austin, Texas, aliandika taarifa ya mtoto mwenye uvimbe wa retina katika macho yote mawili aliyetibiwa kwa eksirei. Hakukuwa na kipimo cha dozi tunachokijua leo, wala mtu aliyejua miale hiyo ingefanya nini ndani ya mwili wa mtoto baada ya miaka 20. Jibu la swali hilo la pili lilikuja baadaye sana, na lilikuwa chungu. Tutalifikia.

Je, wajua kuwa kuna daktari aliyeingiza chanzo cha mionzi ndani ya jicho lenyewe? Foster Moore, wa hospitali ya St Bartholomew's mjini London, alichomeka mbegu ndogo zenye gesi ya radoni ndani ya uvimbe wa mgonjwa, na mwaka 1930 akachapisha habari zake. Radoni hupoteza nusu ya nguvu yake kwa siku nne pungufu kidogo, kwa hiyo mbegu zile zilifanya kazi yake kwa muda mfupi kisha zikafifia.

Aliyeifanya mbinu hiyo kuwa tiba ya kutegemewa ni Henry Stallard, naye London. Je, wajua alikuwa mwanariadha wa Olimpiki? Mjini Paris mwaka 1924 alimaliza wa tatu katika mbio za mita 1,500, zilizoshindwa na Mfini Paavo Nurmi, na akawa wa nne katika mita 800. Sisi tuliolelewa kwa kusikiliza mbio hizo redioni tunajua medali hiyo ina uzito gani. Lakini mimi naamini kazi yake kubwa zaidi aliifanya akiwa na sindano na uzi mkononi. Badala ya kuchomeka mbegu ndani ya jicho, Stallard alishona nje yake, juu ya ukuta mweupe, kisahani kilichopinda kufuata umbo la jicho na kubeba kobalti-60. Mionzi ilipenya ukuta na kuufikia uvimbe kwa ndani, na jicho halikufunguliwa.

Kobalti ilikuwa na kasoro moja kubwa. Miale yake ni mikali, na hakuna kisahani chembamba kinachoweza kuizuia upande wa nyuma. Hivyo ilitoka pande zote: ikaingia kwenye uvimbe, ikaingia pia kwenye mifupa ya nyuma ya jicho, na ikavifikia vidole vya daktari aliyekuwa akishona.

Je, wajua suluhisho lilitoka wapi? Berlin Mashariki, miaka ya 1960, Peter Lommatzsch alianza kutumia rutheni-106, ambayo hutoa chembe za beta zisizofika mbali. Kwa uvimbe wenye unene wa milimita tano au sita hivi inatosha, na vilivyo nyuma ya uvimbe hupona. Upande mwingine wa Atlantiki madaktari wakachagua iodini-125. Miale yake ni dhaifu kiasi kwamba bamba jembamba la dhahabu mgongoni mwa kisahani huizuia isitoke nyuma. Dhahabu hiyo ndiyo inayoikinga mifupa ya mtoto na mikono ya wauguzi.

Je, wajua kisahani hicho hushonwaje? Tukisogelee kitanda cha upasuaji. Kisahani kina upana wa milimita 12 hadi 20. Daktari hukata kwanza utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na kuusogeza kando. Kisha hupitisha mwanga mkali kwenye mboni, taa za chumba zikiwa zimepunguzwa. Jicho lote hung'aa wekundu, isipokuwa pale penye uvimbe: hapo panabaki kivuli. Anauzungushia mstari kwa kalamu maalumu, papo hapo juu ya ukuta wa jicho. Anachukua kisahani cha majaribio kisicho na mionzi, anakiweka, anapitisha nyuzi, anahakikisha kinafunika kivuli chote na kuzidi kidogo kila upande. Wakati mwingine msuli unaogeuza jicho umekaa njiani. Inabidi aukate na kuusogeza, aje aurudishe baadaye. Ni pale tu kila kitu kinapokuwa sawa ndipo kisahani cha kweli hutolewa ndani ya chombo cha risasi na kufungwa kwa nyuzi zile zile. Hivyo muda ambao watu chumbani wanakaa karibu na mionzi huwa dakika chache.

Mgonjwa hukaa nacho kwa siku chache, mara nyingi kati ya tatu na saba, jicho likiwa limefunikwa kwa kikinga chenye risasi. Kisha hurudi chumba cha upasuaji kikatolewe.

Je, mgonjwa huyo ni hatari kwa watu wake? Swali hili huulizwa sana, na linastahili jibu la wazi. Kisahani kikiwa jichoni, watoto na wajawazito hukaa mbali naye. Kikishatolewa, hakuna mionzi iliyobaki mwilini. Anaweza kumbeba mwanawe siku hiyo hiyo. Na yule anayetibiwa kwa mashine ya nje habaki na mionzi hata dakika moja baada ya mashine kuzimwa. Zipo familia zilizomtengea mgonjwa sahani na kikombe kwa sababu ya hofu hii, na hofu hiyo haina msingi wowote.

Je, wajua kuwa kwa miaka mingi dawa ya melanoma ya jicho ilikuwa kuling'oa jicho, na kwamba watu waliamini kuliacha ni kuchezea maisha? Marekani na Canada ziliamua kulijibu jambo hilo kwa utafiti. Kati ya 1987 na 1998 wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa ukubwa wa wastani walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu: nusu jicho liondolewe, nusu washonewe kisahani cha iodini-125. Matokeo yalitangazwa 2001. Baada ya miaka mitano waliofariki walikuwa asilimia 19 upande mmoja na 18 upande wa pili. Yaani jicho lilikuwa linaweza kubaki mahali pake bila kupunguza siku za mwenye jicho. Nafikiri kila mara juu ya ujasiri wa wale watu zaidi ya elfu moja walioacha kura iamue, ili wengine baada yao wapate jibu.

Lakini tusiwaambie watu nusu ya habari. Katika utafiti huo huo, karibu nusu ya waliotibiwa kwa kisahani walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona wa jicho lile ndani ya miaka mitatu. Kubaki na jicho na kubaki na nuru ni mambo mawili, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa yote mawili kabla ya kutia sahihi.

Je, wajua kuwa kuna mionzi inayosimama? Eksirei hupita mwili mzima na kutokea upande wa pili. Protoni hazifanyi hivyo. Huingia zikiwa na kasi, hupunguza mwendo, na karibu na mwisho wa safari hutua mzigo wao karibu wote kwa pamoja, halafu basi. Mwanafizikia Robert Wilson alipendekeza mwaka 1946 kwamba tabia hii itumike kutibu saratani. Mwaka 1975, jijini Boston, Evangelos Gragoudas na wenzake walianza kuitumia kwa melanoma ya jicho, kwa mashine ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya utafiti wa fizikia. Uswisi walifuata mwaka 1984. Mwaka 1989 ikaja zamu ya Clatterbridge, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hospitali ya kwanza duniani kuwa na kituo chake cha protoni ndani ya uzio wake. Mashine yao hutoa protoni zinazopenya sentimita tatu hivi tu. Kwa tumbo ni bure. Kwa jicho zinatosha kabisa.

Na wajua protoni huelekezwaje? Kwanza daktari hushona vipande vidogo vya tantali nyuma ya jicho, kuzunguka uvimbe, vionekane kwenye picha ya eksirei. Siku ya tiba mgonjwa huketi kitini, uso ukiwa umeshikwa na kinyago kilichotengenezwa kwa kipimo chake, meno yakiuma kibao ili kichwa kisisogee. Matone ya ganzi yanatiwa, kope zinashikwa wazi. Mbele yake kuna kitaa kidogo chekundu, naye anatakiwa kukitazama bila kuhama. Kamera inalikuza jicho lake kwenye skrini chumba cha pili, na mtu amekaa pale akilitazama. Jicho likiteleza, mionzi inakatwa mara moja. Tiba yenyewe haizidi dakika moja au mbili, na hurudiwa siku nne au tano. Vituo vikubwa vinaripoti kuwa katika wagonjwa 100, uvimbe hudhibitiwa kwa 95 hivi.

Inasikitisha kwamba udhibiti huo hauwi uponyaji kwa wote. Melanoma ya jicho ina kawaida ya kutuma mbegu zake mapema, pengine kabla hata haijagunduliwa, na karibu nusu ya wagonjwa hatimaye huipata kwingine mwilini, kwa kawaida kwenye ini. Ndiyo maana aliyetibiwa jicho huendelea kupimwa ini kwa miaka. Mwaka 2022 Marekani na Ulaya zilipitisha dawa ya tebentafusp, ya kwanza iliyothibitika kurefusha maisha ya wale ambao ugonjwa umekwishasambaa, ingawa huwafaa tu wenye aina fulani ya kinga mwilini.

Je, wajua kuwa baadhi ya wagonjwa huona mwanga wa buluu wakati mionzi inapopita kichwani, hata wakiwa wamefumba macho? Kwa miongo kadhaa walisimulia, na wengine hawakuaminiwa. Mwaka 2020 watafiti wa Dartmouth, Marekani, walichapisha ushahidi walioupata kwa kamera: mionzi inapopita katika ute unaojaza jicho, huzalisha chembe zinazokwenda kwa kasi kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya ute huo, na hapo hutokea mmweko halisi wa buluu uitwao mwanga wa Cherenkov. Wagonjwa walikuwa wakisema kweli tangu mwanzo.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Je, wajua kuwa retinoblastoma humpata mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi hugundulika kabla ya kufikisha miaka mitano? Dalili yake ya kwanza mara nyingi huonwa na mama, si na daktari. Kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, jicho moja linatoa wekundu wa kawaida na jingine linatoa weupe. Au jioni, taa ikimpiga mtoto kwa pembeni, mboni inang'aa kama jicho la paka. Dalili ya pili ni makengeza yanayoanza bila sababu. Mama akisema ameona kitu cheupe ndani ya jicho la mwanawe, asiambiwe asubiri mtoto akue. Aandikiwe rufaa siku hiyo.

Je, wajua kuwa ugonjwa huu wa watoto ndio uliowafundisha wanasayansi jinsi saratani inavyorithiwa? Mwaka 1971 Alfred Knudson alichunguza kumbukumbu za watoto 48 huko Houston. Aliona kwamba wenye uvimbe katika macho yote mawili huugua wakiwa wadogo zaidi. Akatoa hoja kwamba seli inahitaji kupata mapigo mawili ili igeuke saratani: anayerithi ugonjwa amezaliwa na pigo la kwanza tayari, katika kila seli ya mwili wake, na linalosubiriwa ni moja tu. Jeni yenyewe, RB1, ilipatikana mwaka 1986, nayo ndiyo ya kwanza kufahamika katika kundi la jeni zinazozuia saratani. Karibu watoto wanne katika kumi wenye retinoblastoma wanalo pigo hilo la kuzaliwa nalo.

Kumbuka maneno hayo: katika kila seli ya mwili wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1956 Henry Kaplan wa Stanford, California, alimtibu mtoto wa miaka miwili kwa mashine mpya aliyoiunda pamoja na mwanafizikia Edward Ginzton, mashine inayosukuma elektroni kwa kasi kubwa ili zizalishe eksirei kali. Jicho moja la mtoto yule lilikuwa limekwisha ng'olewa. La pili lilikuwa na uvimbe. Lilipona, na mgonjwa aliingia utu uzima akiona. Mashine nyingi za mionzi zinazotumika leo katika hospitali zetu, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, ni za ukoo huo huo, na mgonjwa wake wa kwanza katika bara la Amerika alikuwa mtoto mwenye saratani ya jicho.

Kwa miaka 30 baada ya hapo, tiba hiyo iliokoa macho mengi ya watoto. Halafu watoto wakakua.

Je, wajua walipatwa na nini? Baadhi yao, wakiwa na miaka 10, 20, 30, walirudi hospitali na saratani nyingine: za mifupa, za misuli, mara nyingi usoni na kichwani, palepale miale ilipopita. Mionzi iligonga seli zilizokuwa zimebakiwa na kinga moja tu dhidi ya saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba katika miaka 50 baada ya ugonjwa, zaidi ya theluthi moja ya waliorithi retinoblastoma hupata saratani nyingine, ilhali kwa wale wasiorithi ni kama mmoja katika 17. Waliorithi hubaki hatarini hata bila mionzi, lakini mionzi huiongeza hatari hiyo, na zaidi kwa aliyepigwa miale kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Juu ya hayo, mifupa ya uso iliyopigwa ikiwa michanga haikui sawasawa. Mtu mzima hubaki na paji lililobonyea pembeni na tundu la jicho lililosinyaa.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa leo kwamba mwanawe hatapelekwa kwenye mashine ya mionzi, asidhani amenyimwa tiba kwa sababu ya umaskini. Tangu miaka ya 1990 madaktari dunia nzima wameisukuma tiba ya mionzi ya nje hadi mwisho wa foleni kwa watoto hawa. Dripu za kemikali huupunguza uvimbe kwanza. Kisha leza, au kugandisha kwa baridi kali. Vituo vingine hupeleka dawa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu wa jicho, mbinu iliyoanzia Japani. Kisahani bado kina nafasi yake, kwa kuwa mionzi yake haitoki nje ya jicho sana. Mashine ya nje hubaki kwa hali nzito: pale saratani ilipotoka nje ya jicho, au daktari anapokuta mabaki yake kwenye ncha ya mshipa wa fahamu uliokatwa wakati wa kuling'oa jicho.

Na hapo kuna ugumu ambao wengi hawaufikirii. Mtoto wa miaka miwili hawezi kulala kimya peke yake chumbani. Hupewa dawa ya usingizi kila siku ya tiba, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne au tano. Kila asubuhi anaamka na njaa, na mama yake anamnyima chakula hadi zamu yake ifike. Ukiwaona akina mama hawa kwenye benchi la kusubiria, muulize mmojawapo kama kuna unachoweza kumshikia.

Je, wajua umri una maana gani hapa? Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watoto 4,351 kutoka nchi 153, waliogunduliwa kuwa na retinoblastoma mwaka 2017. Katika nchi tajiri nusu yao walikuwa wamegunduliwa kabla ya miezi 14 hivi, na ni wachache mno, asilimia 1.5, ambao saratani ilikuwa imetoka nje ya jicho. Katika nchi maskini umri huo ulikuwa miezi 30, na ugonjwa ulikuwa nje ya jicho kwa asilimia 49. Miezi 16 ya tofauti. Ndiyo inayoamua kama daktari atakuwa anapigania nuru, anapigania jicho, au anapigania mtoto.

Jambo moja zaidi juu ya hilo, na nalisema kwa uchungu. Wapo wazazi wanaoondoka wodini usiku wakisikia jicho la mtoto litang'olewa. Nawaelewa; hakuna mzazi anayeambiwa hivyo akabaki mtulivu. Lakini saratani ikiwa bado ndani ya jicho, kuling'oa humponya mtoto mara nyingi kabisa, na jicho la bandia la siku hizi hukaa vizuri hata shuleni wenzake wasigundue. Wanaorudi baada ya miezi sita hurudi na uvimbe uliotokeza nje, na hapo mionzi huwa ya kupunguza maumivu.

Tuhamie juu ya jicho. Je, wajua kuwa ukanda wetu una sifa isiyotamanika katika saratani ya utando wa jicho? Huanza kama kinyama kidogo pale weupe unapokutana na weusi, chenye weupe au wekundu, na wengi hukidhania ni kile kinyama cha kawaida cha jua na vumbi. Kusini mwa Jangwa la Sahara jua ni sababu moja. Virusi vya UKIMWI ni sababu nyingine. Uhusiano huo wa pili ulionekana hapa hapa kwetu: madaktari waliokuwa Kigali waliuandika mwaka 1990, na Ateenyi-Agaba wa Kampala akaueleza mwaka 1995. Kwa kijana mwenye kinyama kinachokua haraka, kipimo cha VVU ni sehemu ya uchunguzi wa jicho.

Tiba yake ni kukata. Tatizo ni kurudi. Stephen Gichuhi na wenzake nchini Kenya walifanya jaribio lililochapishwa 2016: baada ya upasuaji, kundi moja lilipewa matone ya fluorourasili kwa wiki nne, jingine matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja ugonjwa ulikuwa umewarudia 5 kati ya 47 waliopata dawa, na 17 kati ya 47 wasioipata. Matone hayo si ghali, hayahitaji mashine wala umeme. Mimi naihesabu kazi hiyo miongoni mwa habari njema zaidi za afya ya macho kutoka ukanda huu.

Je, mionzi haina kazi hapo? Inayo. Ipo kalamu ya strontiamu-90, ambayo daktari huigusisha kwenye utando uliokatwa kwa muda mfupi tu. Miale yake ya beta haipiti milimita chache. Strontiamu huchukua karibu miaka 29 kupungua nusu, kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kumhudumia daktari maisha yake yote ya kazi. Saratani ikishaingia kwenye tundu la jicho, upasuaji huwa mkubwa na mashine ya nje huitwa kusaidia.

Je, wajua nchi nzima inaweza kutegemea mashine moja? Uganda ilikuwa hivyo. Mashine ya kobalti iliyowekwa Mulago mwaka 1995 iliharibika mwaka 2016 kiasi cha kutotengenezeka, na hadi nyingine ilipozinduliwa mwaka 2018 wagonjwa waliohitaji mionzi walisafiri hadi Nairobi au wakakosa. Leo Tanzania ina tiba ya mionzi Ocean Road, katika viwanja vya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na pia Bugando, Mwanza.

Mafupi mafupi sasa. Je, wajua kuwa limfoma ya taratibu inayoota nyuma ya kope mara nyingi hunywea kwa dozi ya grei 4 tu (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), iliyogawanywa siku mbili, wakati melanoma iliyoshonewa kisahani hupewa grei 85? Je, wajua kuwa mwanamke mwenye saratani ya matiti akianza kuona giza au mawimbi kwa jicho moja anapaswa kuonwa haraka, kwa kuwa siku kumi hivi za mionzi nyepesi zinaweza kumrudishia nuru? Je, wajua kuwa mtoto wa jicho anayeletwa na mionzi huondolewa kwa upasuaji kama mwingine yeyote? Uharibifu wa retina ni mgumu zaidi; huja polepole, miaka miwili au mitatu baadaye, na hutibiwa kwa sindano ndani ya jicho. Anayeacha kliniki kwa sababu anaona vizuri mwaka wa kwanza anajidhulumu.

Je, wajua kuwa lenzi za wahudumu nazo zina sheria? Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ilishusha kiwango kinachoruhusiwa kwa jicho la mfanyakazi kutoka milisiviti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20. Miwani ya risasi katika vyumba vya eksirei ni kifaa cha kazi sawa na aproni, na mwajiri anapaswa kuinunua.

La mwisho ni kwa familia ambazo retinoblastoma ya kurithi imeshapita. Je, wajua kuwa kila mtoto wa mtu aliyewahi kuugua aina hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi jeni? Mtoto huyo huchunguzwa macho wiki za kwanza kabisa za maisha yake, mboni ikiwa imepanuliwa kwa matone, kisha tena na tena kila baada ya wiki chache anapoendelea kukua. Ndugu zake pia huchunguzwa. Uvimbe ukikutwa ukiwa na milimita moja au mbili, leza peke yake mara nyingi humaliza kazi, na mtoto hukua bila mwili wake kuguswa na mionzi hata mara moja.